Kabla hujaigeuza pikapu yako kuwa 4x4

Leo kibodi tunaiweka kando kidogo tushike spana. Mliokuja kwa ajili ya PHP na Linux mtanisamehe, huko tutarudi wiki ijayo.

Mada ni pikapu. Ile pikapu kuukuu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, ambayo mwenyewe anataka iinuliwe juu na igeuzwe kuwa 4x4. Hapa kwetu Likuyani hamu hii hupanda pamoja na mvua. Barabara ya Eldoret kwenda Kitale ni lami, haina neno. Lakini iache tu pale Matunda, au pale Moi's Bridge ambapo wazee bado wanapaita Hoey's Bridge, uingie ndani kwenye mashamba. Haya ni mashamba ya walowezi yaliyokatwa vipande na kugawiwa watu miaka ya 1960, na njia zake nyingi mpaka leo ni njia za trakta. Mwezi wa Mei mahindi yakiwa magotini, njia hizo ni sabuni. Mwezi wa Novemba, wakati wa kutoa mahindi shambani, mvua ikichelewa kuondoka ni sabuni vilevile, na safari hii pikapu ina magunia mgongoni.

Maoni yangu nayatoa mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Pikapu nyingi zinazopelekwa kwa fundi kugeuzwa hazikuhitaji kugeuzwa. Na zile chache zinazohitaji kweli, zinageuzwa kwa njia mbaya: vipande vya magari matatu vinachomelewa pamoja, na hakuna hata karatasi moja inayoeleza kipi kilitoka wapi.

Utaniuliza, wewe mwandika programu, difu inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu huku kijijini ukisomea kompyuta watu huamini umesomea kila kitu chenye waya au nati. Simu ikifa unaletewa, redio ikikoroma unaletewa. Mzee mmoja jirani yetu ana Toyota Hilux LN85, ya dizeli, ambayo ndiyo lori la shamba, ndiyo basi la kanisa, na usiku ndiyo ambulansi ya mtaa. Alishapewa bei ya kuigeuza, na bei ile ilikuwa karibu sawa na mahindi yake yote ya msimu. Akaja kwangu: "Kijana wangu, wewe umesoma. Hii kitu itafanya kazi ama nitakuwa nimeula wa chuya?" Nilimwomba siku kadhaa nipige hesabu. Haya ninayoandika ndiyo yaliyotoka.

Tuanze kwa haki, maana 4x4 si uongo. Gurudumu linasukuma gari kwa kiasi cha uzito ulio juu yake tu, mara ule ushikaji wa ardhi. Pikapu tupu ina shida ya kuzaliwa nayo: injini iko mbele, nyuma ni bati na hewa. Tuseme ina kilo 1,200, na asilimia 40 tu ya uzito huo imekalia ekseli ya nyuma. Hiyo ni kilo 480 zinazofanya kazi ya kusukuma kilo 1,200. Kwenye matope ambayo ushikaji wake ni 0.3, unapata msukumo wa kama asilimia 12 ya uzito wa gari. Kilima kidogo pamoja na matope yanayovuta tairi kinatosha kuumaliza wote. Ukiendesha magurudumu yote manne, uzito wote unafanya kazi, na msukumo unafika asilimia 30. Ni zaidi ya mara mbili. Anayekwambia 4x4 ni mapambo hajawahi kulala shambani.

Sasa hesabu hiyohiyo igeuze upande wa pili. Weka kilo 200 za mchanga ndani ya magunia, uzipange juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Si kule kwenye mlango wa nyuma, la. Juu ya ekseli. Sasa nyuma pana kilo 680 kati ya 1,400, na msukumo umepanda kutoka asilimia 12 hadi karibu 15. Si muujiza, lakini gharama yake ni sepetu na jasho. Na pikapu ikiwa imebeba magunia 10 au 11 ya kilo 90, sehemu kubwa ya uzito huo inakaa nyuma, kwa hiyo inasukuma vizuri kuliko ilipokuwa tupu, mradi isizame. Ndiyo maana utasikia dereva akisema gari lilipita na mzigo likakwama likirudi.

Halafu kuna difu. Hapa ndipo wengi hudanganyika, na ningependa mwelewe vizuri kwa sababu ni jambo zuri kulijua hata kama huna gari. Difu ya kawaida inagawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja. Sawa kabisa. Kwa hiyo gurudumu la kushoto likikalia uteute na kuzunguka bure, linachukua nguvu kidogo sana, na la kulia, hata likiwa kwenye ardhi kavu, linapewa hicho hicho kidogo. Mnyonge ndiye anayeamua. Pikapu ya magurudumu mawili ya kusukuma, mtaroni, ni pikapu ya gurudumu moja. Na 4x4 yenye difu za kawaida mbele na nyuma inaweza kusimama kabisa gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia, mawili mengine yakiwa yametulia kama wageni. Nimeona jambo hilo kwa macho yangu hapa Sango, gari zima la 4x4, trakta ikaja kulivuta.

Kumbe basi difu ya nyuma yenye kufuli, ile inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja unapotaka, inaleta sehemu kubwa ya faida bila kugusa mbele ya gari hata kidogo. Kuna wanaochukua njia ya mkato na kuichomelea difu iwe kitu kimoja daima. Msifanye hivyo kwenye gari linalofika lami. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na difu iliyochomelewa haijui hilo: tairi zinakula lami, fito za ekseli zinajikaza, na gari linapenda kwenda moja kwa moja wakati wewe unataka kona.

Sasa tuje kwenye kuinua, maana hapa ndipo urembo ulipo, na urembo ndio unaouza.

Kuna kitu ambacho ningependa kila mwenye pikapu akiandike ukutani: kuinua springi hakuinui difu. Ukiongeza mabamba ya springi au ukaweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, kinachopanda ni chesisi, bodi na wewe dereva. Ekseli inabaki pale pale ilipokuwa, na ile bakuli ya difu inalima katikati ya njia vilevile. Kitu pekee kinachoinua difu kwenye ekseli nzima ni tairi kubwa. Na tairi inainua kwa nusu ya tofauti ya kipenyo, si kwa tofauti yote. Tairi ya 195R14, ambayo pikapu nyingi za zamani huvaa, ina kipenyo cha kama milimita 666. Ukiweka 7.50R16 unapata kama milimita 805. Tofauti ni 139, kwa hiyo difu inapanda karibu sentimita 7. Springi za juu zinakuja tu ili hiyo tairi ipate nafasi ya kuzunguka bila kukwangua bodi.

Sentimita 7 si haba, lakini angalia umelipa nini. Tairi imekuwa kubwa kwa asilimia 21, maana yake kila gia yako imerefuka kwa asilimia 21. Difu ya 4.1 sasa inafanya kazi kama ya 3.4. Injini ya 2L ya mzee, lita 2.4, dizeli bila tabo, ambayo hata siku njema hupanda kilima ikiomba radhi, imeongezewa adhabu. Kipima mwendo kikionyesha 80, wewe uko kwenye 97. Na breki, kwa nguvu ileile ya mguu, zinashika ardhi kwa asilimia 17 pungufu, kwa kuwa tairi imekuwa mkono mrefu wa kubishana nazo. Hapo hatujazungumza juu ya rimu: nyingi za Hilux za magurudumu mawili zina nati 5, za 4x4 zina nati 6.

Breki zina kisa kingine, na hiki ndicho kinachoninyima usingizi. Pikapu nyingi za Kijapani zina vali ndogo juu ya ekseli ya nyuma, imeunganishwa kwa fito hadi kwenye chesisi. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likibeba, chesisi inashuka karibu na ekseli, vali inaelewa kuwa pana mzigo, inapeleka breki nyingi nyuma. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu, vali inapunguza breki za nyuma ili magurudumu yasifunge. Sasa wewe umeinua chesisi sentimita 10 na hukuigusa vali. Umepakia magunia 11, unateremka, na vali inaapa kwamba gari ni tupu. Sisi waandika programu tunalijua hilo vizuri: sensa nzima, hesabu sahihi, ila kipimo cha sifuri kimehamishwa bila mtu kuambiwa. Kwenye programu unapata ripoti yenye namba za ajabu. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni Nzoia unapata kitu kingine.

Na gari refu huanguka. Chukua nusu ya upana wa magurudumu ugawe kwa urefu wa kitovu cha uzito. Upana mita 1.4, kitovu kikiwa sentimita 65 unapata 1.08. Kipandishe hadi sentimita 77 unapata 0.91. Sasa panga magunia juu ya hiyo, na juu ya magunia keti watu, kama tunavyofanya.

Historia nayo ina neno. Safari Rally ya kwanza ilikuwa 1953, na kwa miaka mingi iliendeshwa wakati wa Pasaka, kwenye mvua, kwenye njia zilizokuwa mbaya kuliko hizi zetu. Peugeot 504 ilishinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Audi walileta Quattro yao ya magurudumu manne, gari lililokuwa limetoka mwaka 1980 na kuwatia hofu wote Ulaya. Mwaka 1983 hapa Kenya Hannu Mikkola akiwa na Quattro alikuwa wa pili, nyuma ya Ari Vatanen aliyekuwa na Opel Ascona 400 ya kusukuma nyuma. Mwaka 1984, 1985 na 1986 Toyota Celica, nayo ya kusukuma nyuma, ilishinda mfululizo. Ni mwaka 1987 ndipo gari la magurudumu manne lilishinda kwa mara ya kwanza, Mikkola huyohuyo, safari hii kwa Audi 200. Tangu hapo 4x4 zimetawala, nakubali. Lakini kwa miaka 34 magari ya magurudumu mawili yalilivuka tope la Kenya kwa tairi nzuri, springi imara, bamba la chuma chini ya injini na dereva aliyejua kusoma njia.

Hata waliotaka kututengenezea gari la barabara zetu waliamua hivyo. Mobius II, lililoundwa hapa Kenya, lilikuwa refu, gumu, bila madoido, na lilisukumwa na magurudumu mawili tu. Kampuni ilikuja kutangaza kufungwa 2024 kabla mnunuzi hajajitokeza, lakini sidhani ilikuwa ni kwa sababu ya difu ya mbele.

Tuseme basi umepiga hesabu zote na bado unahitaji 4x4. Wapo. Aliye na shamba ng'ambo ya kijito kisicho na daraja, anayepeleka maziwa kila alfajiri mvua isinyeshe au inyeshe, anahitaji. Swali linakuwa: unaigeuzaje?

Orodha ya vinavyohitajika ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Ekseli ya mbele yenye difu yake. Springi za kuibeba na vishikio vyake kwenye chesisi. Giaboksi inayokubali transfa nyuma yake, na transfa yenyewe. Propela mpya ya mbele, na ya nyuma ifupishwe. Sanduku la usukani na fito zake, maana LN85 ina miguu ya mbele inayojitegemea na fito za chuma za kujipinda, ilhali LN106, ndugu yake wa 4x4 wa kizazi hichohicho, ina ekseli nzima ya mbele iliyolala juu ya springi za mabamba. Ni ndugu kwa sura ya kabati tu. Ukichungulia chini ni watoto wa mama tofauti. Mipira ya breki mirefu. Shokabzoba ndefu. Na ekseli ya nyuma ibadilishwe pia, kwa sababu uwiano wa difu ya mbele na ya nyuma lazima ufanane kabisa.

Hilo la mwisho mafundi wengine hulipuuza, "tofauti ni kidogo". Kidogo ni kipi? Toyota wana difu za 4.1 na za 4.3. Ukiweka moja mbele na nyingine nyuma, tofauti ni karibu asilimia 5. Kila mita 100 unayotembea, ekseli moja inataka kuwa mita 5 mbele ya mwenzake, na hakuna kati yao anayeweza kuachia, kwa sababu transfa imewafunga pamoja. Kwenye matope tairi zitateleza na kuficha dhambi. Kwenye murram kavu, kitu fulani kitavunjika, na kwa kawaida ni kile cha bei ghali.

Tena difu ya mbele haikai katikati, iko upande mmoja, na transfa lazima itoe propela upande uleule. Ekseli ya gari hili na transfa ya gari lile zinaweza kutazamana kama watu waliogombana. Kuna hata hadithi ya mafundi, sijui kama ni kweli ila fizikia yake ni sahihi, ya ekseli iliyofungwa chini juu, gari likawa na gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: usichanganye. Tafuta gari moja lililozaliwa 4x4, la kizazi hichohicho, lililopondeka kabati au lililoliwa na kutu juu lakini chini ni zima, ununue lote. Chukua chesisi, ekseli mbili, transfa, giaboksi, usukani na breki vikiwa vimeshaungana vilivyoungana kiwandani, uhamishie kabati na injini yako juu yake. Sisi tungesema usinakili kipande cha msimbo kutoka kila mahali ukavishona, chukua maktaba nzima iliyojaribiwa. Lori kuukuu kama hilo huwezi kuliagiza kutoka Japani, kwa kuwa Kenya hairuhusu magari ya zaidi ya miaka minane, kwa hiyo unatafuta lililo tayari nchini: minada, mashamba makubwa ya upande wa Trans Nzoia, yadi za Eldoret. Spea za kuagiza zipo, Kirinyaga Road kule Nairobi hakuna usichokipata, lakini ndiko pia utakakouziwa transfa ambayo haikuwahi kuonana na ekseli yako.

Mfano mzuri wa kazi iliyofanywa ipasavyo upo, na ni wa pikapu tuliyoipenda sana hapa Kenya. Mwaka 1980 Mfaransa Henry Dangel, wa Alsace, alitoa Peugeot 504 ya magurudumu manne. Alichukua 504 zilizotoka kiwandani na kuzigeuza, za familia na za pikapu. Hakutumia chuma cha kila mahali. Alibuni mfumo mmoja, akaujaribu, akaurudia gari baada ya gari, hata fundi aliyekutana na moja alijua ya pili ikoje. Tofauti kati ya Dangel na fundi wetu si akili. Mafundi wetu wa jua kali wana akili za kutisha, nimeona mtu akipima propela kwa kamba na jicho ikaingia mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba Dangel alikuwa na michoro.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gari likigeuzwa huku kwetu, maarifa yote yako kwenye kichwa cha mtu mmoja. Beringi za mbele zilitoka gari gani? Mpira wa breki una urefu gani, na ulikatwa kutoka wapi? Kiungo cha propela ni cha Isuzu au Nissan? Siku fundi yule akihamia Kitale au akienda mbele za haki, pikapu inabaki kitendawili. Beringi inakufa Jumapili saa kumi na moja jioni, kuna mama wa kupelekwa hospitali, na kijana dukani Matunda anauliza, "Ni ya gari gani?" Nani anajua. Logibuku inasema Hilux, lakini kilicho chini ya gari si Hilux tena. Nimewahi kurithi programu ya namna hiyo kazini, maelfu ya mistari bila neno moja la maelezo, na aliyeiandika hapatikani kwa simu. Tulipoteza wiki tatu. Lakini hakuna aliyekuwa anavuja damu.

Dawa yake ni daftari la kurasa 48. Liwekwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya dashibodi. Kila kipande kinachoingia kinaandikwa: jina, gari kilikotoka, mwaka wa gari hilo, namba iliyochongwa juu ya chuma ikiwepo, meno ya difu, urefu wa propela, urefu wa mipira ya breki, aina ya oili. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa penye kuchomelewa. Fundi akikataa kwa kuwa anaficha ujuzi wake, tafuta mwingine. Na kuna vitu ambavyo daftari lisivione kabisa: fito ya usukani iliyokatwa katikati na kuchomelewa. Hiyo hata kama fundi ni malaika, ikatae.

Daftari hilohilo litakusaidia kwa serikali. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka mabadiliko ya maelezo ya gari lililosajiliwa yaarifiwe, na siku hizi mlango wa kubisha ni NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Chesisi ina namba. Ukiibadilisha, namba imebadilika, si siri tena. Watu huona usumbufu wa ukaguzi wakaamua kunyamaza, halafu siku ya ajali kampuni ya bima inatuma mtu mwenye kamera anayelala chini ya gari kwa dakika tano. Mambo mengine sina haja ya kuyaeleza.

Neno dogo kwa wale wa tairi kubwa za makucha: njia ile si yako peke yako. 4x4 iliyoinuliwa inapita pale ambapo pikapu ya kawaida ingegeuza, na inapopita inaacha mifereji miwili ya kina cha goti. Asubuhi inayofuata bodaboda imebeba mjamzito inafika pale na kuanguka. Nimesikia watu wakijisifu kuwa wao mvua haiwasimamishi. Njia za ndani ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na kalvati mbili pamoja na lori kadhaa za murram zingesaidia nyumba mia kuliko difu moja ya mbele. Lakini kalvati haipigwi picha ikapendeza.

Mzee nilimwambia hivi. Kwanza tairi mbili za nyuma za matope, za kipimo kilichoruhusiwa kwenye gari lake, si zaidi ya hatua moja juu. Ukifika kwenye matope punguza upepo, ukitoka rudisha, nunua pampu ya mkono. Bamba la springi moja la kuongeza nyuma, na vali ya breki irekebishwe siku hiyohiyo, nikiwepo. Minyororo ya tairi. Jeki ndefu, sepetu, mbao mbili ngumu na kamba ya kuvutia. Magunia ya mchanga akienda tupu. Difu yenye kufuli ikipatikana nzima, hiyo iwe zawadi ya mavuno yajayo. Avumilie msimu mmoja na ahesabu, kwa kalamu, mara ngapi alikwama na wapi. Akikwama mahali palepale pamoja, tatizo ni mahali, na kijiji kinaweza kupaweka mawe Jumamosi moja. Akikwama kila mahali, tutatafuta LN106 iliyopondeka kabati.

Alinitazama kwa muda, akasema yeye alitaka gari la juu kama la mbunge.

Hilo sikuwa na hesabu yake. Alikubali tairi na minyororo. Daftari lilianza Machi, na mpaka sasa lina mara nne, tatu kati ya hizo kwenye kijito kimoja nyuma ya shule.

Nina ombi. Kama kuna msomaji mwenye LN106 au amewahi kuifungua, naomba vipimo: urefu wa propela ya mbele kutoka kiungo hadi kiungo, umbali kati ya vishikio vya springi za mbele, na meno ya difu yaliyo kwenye kibati cha gari lako. Mwenye 504 ya Dangel pia, kama ipo moja iliyobaki Kenya, tafadhali aniandikie. Nitaviweka hapa vyote pamoja na picha, na atakayenakili asiombe ruhusa.